Ndume ya Likhoni na Gari ya Manjano

Jumanne, 1 Agosti 2006. Kamukuywa.

Pasta amesema mwanaume akiandika dhambi zake kila jioni, zinapungua. Haya. Naanza leo. Mimi Wakhungu, fundi wa redio, nakiri kwamba leo sina dhambi. Karibu sina.

Nilienda Kitale kutafuta spika. Mvua ikanifukuza mpaka ndani ya stoo ya Mzee Gurdev, yule Singh wa duka ya hadwea. Nikaegemea kitu iliyofunikwa na turubai. Turubai ikateleza. Mama yangu!

Gari. Ya manjano kama ute wa yai ya kienyeji. Milango miwili, pua imechongoka kama shoka ya kupasulia kuni. Taa zinalala ndani ya bonneti, ukibonyeza swichi zinaamka pole pole kama chura akitoka kwa matope. Triumph, TR7, ya mwaka 1978. Viti havina hata alama ya jasho. Mzee alisema alikuwa anaiendesha Jumapili kwenda hekalu na kurudi, siku zingine anaiosha. Sasa macho yake yameanza kuona barabara mbili mahali iko moja, kwa hivyo anauza.

Nikauliza mbona haijanunuliwa. Akasema wote wanakuja, wanacheka, wanaenda. Ati haiwezi kubeba hata gunia moja ya mahindi. Ati bibi atakaa wapi na mama mkwe. Ati spea zake ziliisha zamani. Watu wanataka Toyota, bwana fundi.

Mimi sikucheka. Mimi nilisikia njaa.

Na bei! Chini ya pikipiki mpya. Nusu ninayo, ni pesa ya mabati ya jikoni. Nusu ingine imesimama hapa nyumbani inakula majani.

Dhambi ya leo: nilitazama ndume.

Jumatano, 2 Agosti.

Sijalala. Wacha nieleze hii maneno ya ndume, Mungu asikie pande zote mbili.

Jina lake ni Jenerali. Mweusi, sikio la kushoto limepasuka. Alizaliwa na ng'ombe ya mahari ya dada yangu Phelista, aliyeolewa Naitiri. Kijana ya Phelista anaitwa Wanyonyi, na mwezi huu anatahiriwa. Kwetu Wabukusu, kabla kijana hajaona kisu, lazima aende kwa mjomba. Khocha, ndivyo tunasema. Khocha anachinja ndume mbele ya watu, anatoa nyama ya kifua, anamvalisha shingoni. Hiyo ndiyo likhoni. Bila likhoni kijana anasimama mbele ya kisu kama mtu ambaye mama yake hana kwao.

Wanyonyi atakuja tarehe kumi na sita. Khocha wake ni mmoja tu. Mimi.

Sasa sikia akili. Katikati ya leo na hiyo siku kuna Jumamosi mbili. Jumamosi ni harusi. Harusi zote Bungoma zinabeba bibi harusi na Toyota nyeupe, mpaka mtu hajui ni harusi gani. Nani ako na ya manjano, inalala chini kama chui? Hakuna! Nauza Jenerali, nanunua gari, nabeba harusi mbili, nanunua ndume mkubwa kuliko Jenerali. Wanyonyi anafaidika. Ukiangalia vizuri ni kama sadaka.

Na kuna Wamalwa. Huyu ni mwenye bucha hapa soko. Ako na pikapu. Kwa sababu ya pikapu anakaa kiti cha mbele kanisani, ni mwenyekiti wa kila kamati ya harusi, na wamama wanamwita Dairekta. Mimi wananiita, fundi, redio yangu inakwaruza.

Nilifikiria kumuuliza Sellah, bibi yangu. Nilifikiria sana. Kufikiria pia ni heshima.

Alhamisi, 3 Agosti.

Imefanyika!

Sikuuza Jenerali hapa Kamukuywa, Wamalwa angejua kabla kamba haijakauka. Nilimwambia Sellah nampeleka adungwe sindano. Mukhisa, binamu yangu wa lori ya kokoto, akatubeba mpaka Kitale. Huko nikauzia dalali mmoja, Kang'ethe, hata jina la ndume hakuuliza. Jenerali alinilamba mkono. Nikajifanya naangalia mawingu.

Kwa Mzee Gurdev nikaongea na Mukhisa kwa Kibukusu, taratibu, ati tumshushe huyu mzee, si haoni, tutampa pungufu kidogo. Mzee akajibu kwa Kibukusu safi kuliko ya mamangu. Akasema macho ndiyo magonjwa, masikio yalizaliwa hapa Kitale. Mukhisa alicheka mpaka akakaa kwa debe ya misumari. Bei haikushuka.

Halafu mzee akanipa mtihani kama mtu anaoza binti. Gari italala wapi? Nani ataiosha? Nikasema mimi mwenyewe, na mkono wangu. Akanipa kitambaa cha kupangusa, laini kama sikio la mbuzi. Akasema jambo moja: nyama isiingie ndani. Ati kuna mchinjaji wa upande wa kwetu amekuja mara nyingi kuililia hiyo gari, akamkataa, kwa sababu alikuwa anapima buti ya gari na mikono akiuliza matumbo yatakaa wapi.

Mchinjaji gani huyo? Si Wamalwa. Wamalwa anacheka gari ndogo mbele ya kanisa nzima.

Nilifika nyumbani jioni. Sellah akatoka, akaangalia gari. Akazunguka nyuma, kama mtu anayetafuta ndume amefungwa huko. Akauliza Jenerali ako wapi. Nikasema daktari wa mifugo amesema abaki, amwangalie. Akauliza amelazwa wodi gani.

Nikasema nimechoka.

Jumamosi, 5 Agosti.

Hakuna harusi leo. Hakuna mtu alijua bado nabeba maharusi. Hiyo ni Jumamosi moja imeenda.

Nikatumia wakati vizuri. Taa zilikuwa zinaamka polepole sana. Nikasema umeme ni umeme, ikiwa kwa redio ama kwa taa. Nikafungua, nikabadilisha waya mbili. Sasa haziamki pamoja. Moja ikiamka ingine inalala, halafu inabadilisha. Na zinafanya hivyo zenyewe, wakati zinataka.

Lenah, binti yangu, amesema gari inakonyeza watu.

Jumapili, 6 Agosti.

Nilienda kanisa na gari. Sellah alikataa kupanda, alitembea mbele yangu njia yote, na mimi nyuma yake na giya ya kwanza. Ilikaa kama nimemkamata.

Nikaegesha kando ya pikapu ya Wamalwa. Gari ikamkonyeza Mama Pasta. Mara mbili. Mama Pasta akafunika mdomo na Biblia.

Wamalwa akapaza sauti, ati bwana fundi umenunua kiatu ya manjano, na ile ingine iko wapi? Kanisa nzima chini kwa kicheko! Hata Pasta aligeuka akaangalia ukuta, mabega yanaruka.

Lakini baada ya ibada nilimwona Wamalwa, watu wakiwa wameenda, anazunguka gari pole pole. Akaigusa paa na nyuma ya mkono, vile unagusa mtoto kama ako na homa. Aliponiona akatema mate chini, akaenda. Nafikiri alikuwa anatafuta kutu.

Haleluya hata hivyo! Kuna msichana, Ivy, anasuka nywele Bungoma, anaolewa Jumamosi nyumbani kwao Kabuchai. Alikuwa mgeni kanisani. Alipoona gari akapiga kelele, ati hiyo ndiyo nataka, hizo nyeupe wabebe mahindi! Mamake akauliza bwana harusi atakaa wapi. Ivy akasema, Mami, huyo atajipanga.

Jumamosi, 12 Agosti. Kabuchai.

Wacha niandike haraka kabla moyo haujakataa.

Nililala nimeosha gari mara tatu. Asubuhi iling'aa, jua likaona aibu. Mpaka Bungoma mambo sawa, watoto wanakimbia nyuma, mimi nimevaa miwani nyeusi ya Lenah. Pale mjini Ivy akaingia. Ivy aliingia vizuri. Ni nguo ndiyo haikuisha kuingia. Tulisukuma, wamama wakasukuma, mlango ukafungwa, na nguo ikapanda kama uji kwa sufuria mpaka ikafunika giya, usukani, na mimi. Niliendesha nikichungulia katikati ya maua. Bwana harusi akafuata nyuma na baisikeli ya boda boda, amekaa upande kama mama, ameshika keki.

Sasa, hapa kuna jambo ambalo mtu wa Kabuchai anajua, na mimi pia nilijua, ni vile nilikuwa nimevaa miwani. Trekta za miwa zimechimba barabara. Magurudumu yao yameacha mitaro miwili, na katikati udongo umebaki juu kama mgongo wa ng'ombe. Pikapu inapita. Lori inapita. Gari inayolala chini kama chui inapanda hapo katikati na tumbo, na inakaa.

Tulikaa. Magurudumu manne hewani, yanazunguka kama ya mende amepinduliwa. Mvua ikaanza. Gari ikaanza kukonyeza miwa.

Ivy hakulia. Aliniangalia tu kutoka ndani ya hiyo nguo, akasema kwa upole, Ankol, ukitoka hapa usiniambie pole, kwa sababu nitakuuma.

Nani akatokea? Dairekta. Wamalwa, na pikapu, alikuwa analeta nyama ya harusi. Akatupa turubai nyuma juu ya mbuzi, bibi harusi na bwana harusi wakakaa mbele, wamama wakapiga vigelegele mpaka nikatamani niwe mbuzi. Mimi nilivutwa jioni na trekta, kinyumenyume, kati ya watu wanaokula.

Hakuna malipo. Mamake Ivy alisema nishukuru yeye ameokoka.

Jumatatu, 14 Agosti.

Hakuna ndume. Zimebaki siku mbili.

Nilienda Kitale nirudishie Mzee Gurdev gari yake. Akasema pesa imeshaenda kwa daktari wa macho, na anaona vizuri sasa. Anaona hata matope chini ya bampa. Alitikisa kichwa kama mtu ambaye binti yake amerudi na jicho jeusi.

Nikapigia Phelista simu, nikitaka kumpima kidogo. Kabla sijasema kitu akaanza kucheka kwa furaha. Akasema Wanyonyi anazunguka Naitiri yote na njuga zake akialika watu, kila boma akifika anaimba ati khocha wake ana Jenerali, mweusi, akikanyaga chini maji inatoka. Nikasema mtandao unapotea. Haukuwa unapotea.

Hapo ndipo ilinishika. Huyo kijana anaimba ndume ambaye nilishamgeuza mlango mbili.

Nikameza kiburi, nikaenda bucha kumwomba Wamalwa ndume kwa mkopo. Aliendelea kunoa kisu. Akauliza gari inalala wapi siku hizi. Unaifunika? Kuku hawapandi juu? Ni dharau hiyo! Mtu anakuja na shida anaulizwa kuku! Nikaondoka. Nikipita nyuma ya bucha nikasikia ndume analia, sauti kabisa ya Jenerali. Dhamiri, bana. Inaweza kulia kama ng'ombe.

Jumanne, 15 Agosti.

Akili mpya. Nanunua nyama ya kifua Kitale, nasema nilichinja alfajiri. Nikamjaribu Sellah. Akauliza ngozi iko wapi. Na kichwa? Na kwato? Na damu? Na wazee ambao lazima waone akianguka?

Akili ingine: nakuwa mgonjwa.

Sellah alikaa karibu na mimi kitandani. Hakupiga kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Akasema, Baba Lenah, hiyo jikoni inanivujia mwaka wa tatu na nimenyamaza. Lakini huyo mtoto wa Phelista hajakukosea.

Nikafunga macho nionekane mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa.

Jumatano, 16 Agosti.

Walikuja saa kumi. Niliwasikia tangu mtoni. Njuga, nyimbo, filimbi, Naitiri nzima. Nilikuwa nimejificha ndani ya gari, chini ya turubai, na nilikuwa nimemwambia Lenah aseme nimeenda Kitale kwa matibabu.

Wimbo ukafika kwa boma. Wanaimba wakizunguka, khocha toka, khocha toka. Nikasikia Lenah anasema baba ako hospitali. Wimbo ukapungua. Na hapo, Mungu ni shahidi, gari ikaamsha taa moja. Turubai ikainuka. Ikalala. Ikainuka upande wa pili.

Mtu mmoja akasema, hiyo kitu inapumua.

Phelista ndiye alivuta turubai. Aliniangalia kupitia kioo. Mimi nikamwangalia. Nilikuwa nimeshika usukani, sijui kwa nini.

Akauliza ndume ako wapi. Nikatoka. Nikaonyesha gari na kidole, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa jibu.

Dada yangu akasema, watu wa Naitiri, njooni muone. Ndugu yangu amevalisha ng'ombe ya mahari yangu viatu vya mpira.

Hakuna mtu alicheka. Mimi nimechekwa maisha yangu yote, najua ladha yake, na ningelipa nichekwe hapo. Wanyonyi alikuwa amesimama katikati, amepakwa unga, jasho inateremka. Alishusha mikono, njuga zikanyamaza. Akasema, khocha, kama hakuna, sema tu. Nitaenda bila.

Kwa neno bila, sauti yake ilivunjika. Ni mtoto. Nilikuwa nimesahau ni mtoto.

Sikupanga chochote. Siku ya kwanza mwezi huu sijapanga. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauinua juu, nikasema mwenye ndume achukue gari, hapa hapa, na asiniongeze hata shilingi. Mzee mmoja nyuma akasema kwa hiyo hatoi hata kuku.

Halafu sauti ikasema, ngojeni.

Wamalwa. Alikuwa anakuja kutoka soko, anavuta kamba. Mwisho wa kamba, mnono, anang'aa, sikio la kushoto limepasuka.

Jenerali!

Kumbe wachinjaji wa Kamukuywa wananunua kwa nani? Kwa madalali wa Kitale. Kang'ethe alimuuzia siku ile ile. Wamalwa akasema mbele ya wote, mimi ni mchinjaji, si mchawi. Nilimjua kwa sikio. Nani anaweza kuchinja ndume ya likhoni ya mtoto wa wenyewe? Nikamfunga nyuma, nikamlisha.

Phelista akauliza, na siku zote hizo ulinyamaza, Wamalwa?

Hapo Dairekta akaangalia chini. Akasema nilikuwa nangoja fundi afike bei.

Akachukua ufunguo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ile kitambaa pia inaenda pamoja?

Nikasema kitambaa ni yangu.

Jenerali alichinjwa mbele ya wazee vile inatakiwa. Nikakata nyama ya kifua, nikamvalisha Wanyonyi, nikampiga nayo kifuani mara moja kama desturi, nikamwambia maneno ambayo khocha lazima aseme: nenda, na usiniletee aibu.

Sasa watu wakacheka. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wanyonyi pia alicheka, na likhoni ikitingika shingoni. Halafu akakimbia, njuga zikalia, wimbo ukaanza tena, na nikausikia mpaka ng'ambo ya mto.

Alhamisi, 17 Agosti. Naitiri.

Alfajiri, baridi, matope ya mto mwili mzima. Wanyonyi alisimama mbele ya kisu kama mti wa simu. Hakupepesa jicho. Gari yangu ilipepesa, yeye hapana.

Nimelia mbele ya watu. Phelista amenipa chai, lakini kwa kikombe bila mkono.

Mungu, nimetubu. Si ile ya kusema, ile ya kweli. Kuanzia leo mimi ni mtu wa redio na mabati.

Jumapili, 27 Agosti. Kamukuywa.

Leo nimetoa ushuhuda kanisani. Nimeeleza yote, gari, miwa, turubai. Watu wameguswa. Mama Pasta alifuta macho. Sellah aliangalia mbele, lakini aliniachia nafasi kwa benchi.

Baada ya ibada Wamalwa akaniita nyuma ya choo. Amekonda. Amesema wateja wanakataa nyama iliyotoka kwa gari inayokonyeza. Amesema bibi yake amelala kwa dada yake tangu Jumanne. Amesema alipita Kitale na kwato ikiwa imechungulia dirishani, Mzee Gurdev akamwona kwa macho mapya, akamkimbiza na mwiko wa saruji mpaka kwa mzunguko. Anaipenda, amesema, anaipenda tangu akiwa kijana inampita barabarani na vumbi, lakini mapenzi yamemshinda. Angependa irudi kwangu. Hataki ndume. Ndama tu, hata mdogo.

Nikasema hapana. Mimi ni mtu mpya, nikamwambia, umesikia ushuhuda. Nikaondoka kichwa juu. Nilifika mpaka kona.

Ni vile tu ninaandika kila kitu, Pasta alisema tuandike kila kitu. Mdogo wake Wanyonyi atatahiriwa mwaka wa 2008. Ndume yake ya likhoni sasa hivi ni ndama, ako hapa nje, anakula na hafanyi chochote. Miaka miwili. Ni Jumamosi karibu mia moja! Mimi nilishindwa na Jumamosi mbili, si mia. Na nikiinua ile gari kidogo, niweke magurudumu ya trekta, mgongo wa Kabuchai utapita chini bila kugusa. Taa pia najua sasa kosa liko wapi. Ni waya moja tu.

Sellah anaenda Bungoma kesho asubuhi. Nitapita kwa Wamalwa, lakini ni kuiosha tu. Mtu akiahidi kuosha na mkono wake, lazima aoshe. Na kitambaa ninacho.

Dhambi ya leo: nilitazama ndama.